Tusilaumu Mtambo Kabla ya Kuusoma
Miaka michache iliyopita niliingia katika maabara ya lugha kufundisha fonetiki, nikawakuta wanafunzi kumi na wawili mbele ya skrini kumi na mbili, hedifoni masikioni, wala hapana asikiaye kitu. Somo la siku hiyo lilikuwa tofauti ya paa la nyumba na paa mnyama, kama watu wa Mombasa watamkavyo: jina la mnyama huanza kwa mpumuo, la nyumba halina mpumuo huo. Maandishi sanifu hayaonyeshi tofauti hii. Asiyeisikia hataipata kwa kutazama skrini, hata akikesha.

Mtunza mitambo alikuja, akatazama, akatoa hukumu: "Daktari, mashine hizi ni kuukuu. Yafaa tuombe nyingine." Barua ikaandikwa. Kwa wiki tatu fonetiki ya Kimvita ikafundishwa kwa kinywa changu, nami si mzawa wa pwani.

Ukweli ni kwamba mashine hazikuwa na ila. Skrini zote zilihudumiwa na tarakilishi moja kuu iliyoendeshwa kwa Linux, nayo ilipeleka picha kwa mfumo wa X, uliobuniwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984. Mfumo huo husafirisha picha, pamoja na maagizo ya kibodi na kipanya, kupitia mtandao. Kwa upande wa sauti haujui ila kengele. Sauti nyingine zote hupita njia yake, kwa programu kama PulseAudio, iliyoanzishwa mwaka 2004, au PipeWire iliyokuja baadaye kushika nafasi yake katika mifumo mingi. Picha kufika, basi, si ushahidi kwamba sauti imefika. Programu isipoambiwa anwani ya meza ya mwanafunzi, huitoa sauti pale pale inapoendeshwa. Naam, paa wetu alikuwa akilia katika chumba cha mtambo mkuu, kilichofungwa kwa kufuli!

Lililonisikitisha zaidi lilifuata. Tulipoipa programu anwani, mtambo ulijibu kwa sentensi fupi ya Kiingereza, na kila aliyeiona aliifasiri kwa neno moja: imekataa. Kumbe majibu yalikuwa matatu, kila meza na lake. La kwanza lilisema muunganisho umekataliwa. Maana yake mashine ya mezani i macho, imebishiwa hodi katika mlango 4713, lakini hapana programu inayongoja nyuma ya mlango huo. Dawa ni kuiagiza programu ya sauti ipokee wageni wa mtandaoni, jambo ambalo kwa kawaida hailifanyi mpaka iagizwe. La pili lilisema ruhusa imenyimwa: bawabu yupo, ila hakutambui, kwa kuwa faili ndogo ya siri, yenye baiti 256, haifanani pande zote mbili. La tatu lilisema muda umekwisha: hodi haikujibiwa kabisa. Ama anwani si sahihi, ama mashine imezimwa, ama kinga ya mtandao imeimeza hodi njiani.

Kunyimwa si kukataliwa, na kunyamaziwa si kunyimwa. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angekatwa alama kwa kuchanganya maana hizo. Hata hivyo sisi wenye shahada tulizitia sentensi tatu katika kapu moja, tukaomba fedha.

Wapo watakaosema kwamba kikwazo ni Kiingereza. Sikubaliani nao, maana wajuzi wa lugha hiyo waliokuwamo chumbani walishindwa vilevile. Tumezoea kuuona ujumbe wa kosa kama taa nyekundu, si kauli yenye kiima na kiarifu. Mafunzo ya tarakilishi wapewayo walimu yatenge saa moja tu kwa kauli hizo, zisomwe na kufasiriwa kwa Kiswahili neno kwa neno, kama tunavyofanya na ufahamu darasani.

Meza kumi na moja zilipona asubuhi moja, bila shilingi kutumika. Ya kumi na mbili haikutoa kosa lolote, ikabaki bubu hadi mwanafunzi aliyeketi hapo alipogundua kwamba sauti ilikuwa ikipelekwa kwenye skrini, nayo haina spika. Akaielekeza kwenye tundu la hedifoni, akamsikia paa, kisha akaomba arudiwe.