Droni Sumbawanga: Kazi ipo Ufipa, kibali kiko mbali

Siku hizi harusi bila picha za kutoka juu inaonekana haijakamilika. Maharusi wanataka droni, wapima viwanja wanataka droni, na wakulima wakubwa wa mahindi nao wameanza kuulizia bei.

Watani wamezoea kuichokoza Sumbawanga kuhusu vyombo vinavyoruka usiku bila rubani wala kibali. Sasa utani umegeuka suala la kweli, maana chombo kisicho na rubani kipo, na kibali chake si cha kuombea mtaani kwako.

Kibali kinapitia wapi?

Droni nchini zinaongozwa na kanuni za mwaka 2018 zinazohusu ndege zinazoendeshwa kwa rimoti. Msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), yenye makao makuu Dar es Salaam.

Kwa ufupi, droni inasajiliwa TCAA, Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa inatoa ridhaa yake kwa upande wa usalama, kisha ndiyo unapata ruhusa ya kurusha. Kuiingiza nchini nako kunahitaji kibali. Ukitaka kurusha ndani ya hifadhi, unaomba tena kwa wenye hifadhi.

Kuna kitu vijana wengi hawakizingatii. Kanuni zinatofautisha anayerusha kwa kujifurahisha na anayerusha kwa biashara. Ukilipwa kupiga picha za harusi, hata moja tu, hiyo si starehe tena.

Ukali huu una sababu

Desemba 2018, taarifa za droni kuonekana karibu na uwanja wa ndege wa Gatwick, London, zilisimamisha safari kwa zaidi ya siku moja. Safari takriban 1,000 zilivurugika na abiria wapatao 140,000 wakaathirika.

Sumbawanga si London, sawa. Lakini uwanja wa ndege wa Sumbawanga uko ndani ya manispaa, jirani kabisa na makazi ya watu, na umekuwa ukijengwa upya kwa kiwango cha lami ili upokee ndege kubwa zaidi. Mtu aliyezoea kurusha droni juu ya mji bila kuwaza, sasa anarusha karibu na njia ya ndege yenye abiria.

Halafu kuna mpaka. Rukwa inapakana na Zambia kwa nchi kavu, na Kongo iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Maporomoko ya Kalambo, yenye kina cha zaidi ya mita 200, yako mpakani kabisa. Ukiifuata picha nzuri kidogo tu, droni yako imeshaingia anga ya Zambia. Jeshi likitaka kujua nani anarusha nini, lina hoja.

Ufipa si Dar

Tatizo linaanza pale njia moja ya kibali inapotumika kwa mazingira tofauti kabisa. Anayetaka kurusha karibu na bandari ya Dar es Salaam, na anayetaka kupima shamba la mahindi vijijini Nkasi, wote wanapita mlango uleule.

Hatari zao hazifanani. Dar kuna maghorofa, msongamano wa watu na ndege kila saa. Ufipa kuna nafasi tele, ila kuna mitego yake. Nchi nyingi zinaweka kikomo cha kuruka kuwa kama mita 120 kutoka ardhini. Ukisimama ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa na kuipeleka droni mbele, ardhi inaporomoka chini yake kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, takriban mita 1,000. Droni haijapanda hata kidogo, lakini umeshavuka kikomo mara nyingi. Pia mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na betri inachoka mapema kuliko ulivyozoea pwani.

Mambo haya anayajua vizuri zaidi mtu aliyeko huku kuliko afisa aliyeko ofisini mbali.

Na kazi ipo. Bonde la Rukwa ni moja ya mazalia yanayojulikana ya nzige wekundu kusini na kati mwa Afrika. Kwelea kwelea nao ni adui wa nafaka, na nchini wameshaanza kunyunyiziwa dawa kwa droni, zile wanazoziita ndege nyuki. Ongeza upimaji wa viwanja kwenye mji unaopanuka.

Nani anaumia?

Harusi ni Jumamosi. Kwelea kwelea hawasubiri barua. Mteja wa mpima ardhi anataka ramani wiki hii. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na kila karatasi inayokosekana ni siku nyingine.

Matokeo yake, anayefuata sheria anapoteza kazi. Anayerusha kimya kimya anaipata, mpaka siku droni inapozuiliwa, au mbaya zaidi, siku inapomdondokea mtu. Kazi kubwa zenye fedha zinabaki kwa kampuni za mijini zenye vibali tayari. Kijana wa hapa anabaki kubeba mabegi.

Wenzetu wamefanyaje?

Mwaka 2017 Malawi, kwa kushirikiana na UNICEF, ilifungua eneo maalumu la kujaribia droni Kasungu. Lilikuwa na nusu kipenyo cha kilomita 40, likizunguka uwanja mdogo wa ndege. Hawakuanzia jijini. Januari 2020 wakafungua chuo cha droni Lilongwe.

Sisi wenyewe tumewahi. Mwaka 2018 droni ya DHL ilipeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40. Serikali ikiamua kutenga anga kwa kazi maalumu, inawezekana. Marekani rubani wa droni anaomba ruhusa ya kurusha karibu na viwanja vingi vya ndege kwa simu, na jibu linaweza kuja kwa sekunde chache.

Rukwa inaweza kuanza na kitu rahisi: ramani ya mkoa inayoonyesha pa kurusha, pa kuomba, na pa kutogusa kabisa. Jeshi liridhie maeneo mara moja badala ya kuridhia kila harusi. Kazi ndogo, mbali na uwanja na mpaka, ziamuliwe mkoani ndani ya siku chache. Za mpakani, kama Kalambo, ziendelee kwenda juu.

Kwa sasa ufanyeje?

Usinunue droni kwanza ndipo uulize. Anza na TCAA. Usirushe karibu na uwanja wa ndege, kambi wala mpakani. Na kumbuka, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023, kwa hiyo fikiria mara mbili kabla ya kuposti picha za uani kwa jirani.

Uwanja ukichangamka, udhibiti wa anga ya Sumbawanga utaongezeka tu. Ni bora utaratibu wa mkoa uwekwe sasa, kabla vijana hawajazoea kujificha.