Mbwa wa manyoya naye ni mbwa (sehemu ya 3)

Sehemu mbili zilizopita zilikuwa za minyoo na viroboto. Leo nawajibu mlioniuliza kuhusu yule mbwa wa manyoya ya kujikunja, mchanganyiko wa pudo, anayefanana na mwanakondoo. Anachanwaje, anaogeshwaje, ananyolewa na nani huku mwisho wa reli?

Nitajibu, ila maoni yangu natanguliza. Mbwa huyo asipochanjwa ni hatari kwa mwanao kuliko koko anayezurura Kibirizi kwenye vichanja vya dagaa. Koko, mtoto anamkimbia. Huyu analala naye mkeka mmoja na kumlamba usoni. Chumba cha vidonda nikiuliza "ni mbwa wa nani?", jibu la "wa kwetu, hana shida" nalisikia sana. Watu wanadhani kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa mbwa wa mitaani. Jamani, kirusi hakiangalii bei uliyomnunulia. Akitoka getini usiku mmoja tu akang'atana na mwenzake mgonjwa, imetosha.

Haya, manyoya. Mbwa wetu wa kawaida manyoya yake yanapukutika yenyewe. Ya pudo hayapukutiki hovyo, yanarefuka tu kama nywele zako, na yaliyokufa yananasa kwenye yaliyo hai. Usipochana, yanafunga mabonge: nyuma ya masikio, kwapani, kwenye mapaja, chini ya mkanda wa shingo. Bonge linavuta ngozi kila akitembea. Chini yake kuna unyevu, kidonda, kupe. Juu unaona mbwa mzuri wa picha, chini ngozi inanuka. Halafu mtoto anakuja kumkumbatia, anashika palepale panapouma. Mbwa mpole anang'ata. Unampiga mbwa, mtoto unamleta kwetu, na kosa ni la kitana ambacho hakijashikwa mwezi mzima.

Kina mama hapa hamhitaji mafunzo. Si mnachana watoto wenu nywele za kipilipili? Ni vilevile: gawa mafungu, anzia kwenye ncha, panda taratibu kuelekea kwenye ngozi. Tumia kitana cha chuma chenye meno marefu, kila siku au siku moja baada ya moja. Na chana KABLA ya kuogesha, maana bonge likilowa linakaza zaidi. Bonge lililogoma usilikate kwa mkasi ukielekeza ncha kwenye ngozi. Ngozi ya mbwa ni nyembamba na inavutika, utaikata hujaiona. Kwa mashine ni salama zaidi, lakini mashine ya mbwa iwe ya mbwa. Kinyozi wa Mwanga akikubali kumnyoa mbwa wako kwa mashine anayonyolea watoto, mapunye yatahama kutoka kichwa hadi kichwa.

Kuogesha, mara moja kwa mwezi inatosha, akichafuka sana zaidi. Sabuni ya unga ya kufulia inamkausha ngozi. Dawa ya kupe ya ng'ombe ya kupima kwa jicho na kifuniko cha chupa ndiyo kabisa acheni: anajilamba, anaimeza, anatetemeka. Mkaushe masikio vizuri, kwa sababu yale yanayoning'inia yakibaki na maji yanaoza. Na tafadhali, si ziwani pale wenzio wanapochota maji ya kunywa. Chota ndoo, mwogeshee uani. Wewe mwenyewe ukisimama majini kumsugua unaweza kuondoka na kichocho.

Akiumwa, usimpe diklofenaki wala ibuprofeni za kwenye droo yako. Zinamtoboa tumbo na kumharibu figo. Mimi ni muuguzi wa watu, kwa dawa za mbwa muone daktari wa mifugo.

Ndugu zangu wa Ujiji, nimesoma ujumbe wenu kwamba mambo haya hayawahusu, mbwa hawaingii ndani. Sawa, na wa ulinzi hapo uani? Naye ana ngozi, ana kupe, na ana meno. Tena ninyi suala la kuosha chombo alichoramba mbwa mara saba mmefundishwa tangu chuoni, kwa hiyo hili litakuwa rahisi kwenu: kidonda cha mbwa kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15. Si kwa mawese, si tumbaku, si mafuta ya taa. Kisha kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo. Kirusi kinasafiri kwenye mishipa ya fahamu kwenda kwenye ubongo, mara nyingi kwa wiki kadhaa au miezi, na muda huo ndio chanjo inaoutumia kukuokoa. Dalili zikishaanza, sisi wauguzi tunabaki kumshika mgonjwa mkono. Sitaki kuandika zaidi hapo.

Karibu binadamu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu, asilimia 99, wameupata kwa mbwa. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, kirusi kinakosa pa kupita. Kwa hiyo ukimchanja wako umemkinga na mtoto wa jirani. Mtoto wa mbwa anachanjwa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Muulize afisa mifugo wa kata yako, na uitunze kadi. Mtu ana hela ya shampuu ya mbwa kutoka Dar, ana utepe wa kichwani, kadi hana! Mi hapo nashindwa kuelewa.

Sehemu ya 4 ni kucha na meno. Maswali andikeni hapa chini. Picha ya mtoto aliyeng'atwa usinitumie uanze kusubiri jibu. Mwoshe, mpeleke, utaniandikia mkiwa kwenye foleni.