Nyota ya Kakuma iliyochelewa kuonekana na wasaka vipaji

WAHENGA walinena kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Hata hivyo, wakati klabu za kandanda ya Australia zilipokutana Novemba 2013 kuteua chipukizi, majina 43 yalitajwa kabla ya Sydney Swans kulitaja la Aliir Aliir, kijana wa miaka 19 aliyezaliwa mwaka wa 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana.

Mnamo 2021, kijana huyo huyo, wakati huo akiichezea Port Adelaide, alitiwa katika kikosi cha heshima cha wachezaji bora wa msimu mzima nchini humo. Swali linalozuka ni hili: je, uwezo wake ulikuwa wapi mwaka wa 2013, na mbona wengi hawakuuona?

Ili kulijibu swali hilo, ni muhimu kwanza kuuelewa mchezo wenyewe, ambao si soka wala raga. Timu mbili za wachezaji 18 kila moja hupambana katika uwanja wa umbo la yai. Mpira, ambao pia una umbo hilo, hupigwa teke au ngumi, lakini ni marufuku kuurusha kwa mkono. Kila upande una milingoti minne. Mpira uliopigwa teke ukapenya kati ya ile miwili ya katikati huleta pointi sita, na ukipita pembeni yake huleta pointi moja. Mchezaji akiudaka hewani mpira uliopigwa teke umbali wa mita 15 au zaidi, hupewa fursa ya kuucheza bila kubughudhiwa. Kwa sababu hiyo, anayeweza kuruka juu ya wenzake na kuunasa mpira ni lulu.

Ligi kuu ya mchezo huo, AFL, hujaza vikosi vyake kwa uteuzi wa kila mwaka uitwao drafti, ambao ulianzishwa mwaka wa 1986. Timu iliyoburura mkia msimuni ndiyo hupewa nafasi ya kwanza kuchagua, nao mabingwa husubiri mwisho. Kijana hana usemi kuhusu aendako. Wengi wao huwa na umri wa miaka 18, na huenda wakajikuta katika jiji lililo maelfu ya kilomita kutoka kwa wazazi wao.

Kabla ya siku hiyo, chipukizi hupimwa kama farasi wa mashindano. Hutimuliwa mbio za mita 20 huku saa ikihesabu, huruka juu kadiri wawezavyo, hupimwa kimo na urefu wa mikono, kisha hukimbizwa masafa marefu hadi pumzi ziwaishe. Takwimu hizo huandikwa na kulinganishwa. Uzuri wake ni kwamba hazina upendeleo. Kasoro yake ni kwamba hupima mwili peke yake, ilhali mechi huchezwa kwa mwili na akili.

Kwa upande wa mwili, Aliir hakuwa na upungufu mkubwa. Kimo chake kilikaribia mita 1.95, na aliruka kwa wepesi ambao si kawaida kwa watu warefu. Lakini kulikuwa na mambo mawili yaliyoweza kumpunguzia alama machoni pa wasaka vipaji. La kwanza ni umri: alikuwa amewazidi wengi wa wenzake kwa mwaka mmoja, na katika biashara hii mwaka mmoja huhesabiwa kama hasara. La pili ni kwamba hakulelewa katika mchezo huu. Wazazi wake walikuwa wametoroka vita nchini Sudan, naye aliwasili Australia akiwa mtoto. Wakati vijana wengi wa Melbourne walikuwa wameushika mpira huo tangu utotoni, yeye aliujua akiwa tayari amebaleghe. Alipitia Brisbane kisha Perth, alikoichezea klabu ya East Fremantle katika ligi ya jimbo.

Msaka vipaji mwenye haraka angeona kwamba kijana huyo amechelewa. Aliye makini angeuliza jambo tofauti: ikiwa amefika hapa kwa miaka michache tu, atafika wapi akipewa mingine mitano? Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupima alichonacho kijana leo na kukadiria mwendo wa ukuaji wake.

Nguvu kuu ya Aliir ilikuja kudhihirika katika ulinzi. Beki wa kawaida humfuata mshambulizi anayemlinda kama kivuli. Aliir aliweza kuusoma mpira ungali angani, akamwacha mtu wake kwa wakati ufaao, akaruka na kuunasa kabla haujamfikia mpinzani. Kazi hiyo huhitaji ujasiri, kwa sababu akikosea hatua moja mshambulizi aliyeachwa hubaki peke yake mbele ya milingoti. Hakuna saa wala utepe wa kupimia unaoweza kuuandika uamuzi kama huo. Huonekana tu na mtu aliyekaa kando ya uwanja, wiki baada ya wiki, akitazama.

Aidha, hata baada ya kuteuliwa ilibidi asubiri. Mechi yake ya kwanza katika ligi kuu ilikuja mwaka wa 2016. Msimu huo Sydney walifika fainali, lakini Aliir aliumia goti katika mechi iliyotangulia fainali na kulazimika kuwatazama wenzake wakilazwa na Western Bulldogs kwa pointi 89 kwa 67.

Katika fainali hiyo, Bulldogs walikuwa na mshambulizi kwa jina Tom Boyd, aliyefunga mabao matatu. Huyu ndiye aliyekuwa chaguo la kwanza kabisa katika drafti ile ile ya 2013, alipochukuliwa na Greater Western Sydney. Siku ya fainali, sifa alizomiminiwa zilithibitika kuwa za haki. Lakini mnamo 2019, akiwa na miaka 23 pekee, Boyd alistaafu baada ya kuandamwa na majeraha na matatizo ya afya ya akili, ambayo aliyazungumzia hadharani.

Itakuwa makosa kusema kwamba wasaka vipaji walikosea kumhusu Boyd. Waliupima mwili wake kwa usahihi. Lile ambalo vipimo havikuliuliza ni kiasi cha mzigo ambao mabega ya kijana wa miaka 18 yangeweza kustahimili mara tu nchi nzima ilipomtwika matarajio yake. Nambari moja ni heshima, lakini pia ni deni ambalo kijana hudaiwa kila Jumamosi.

Orodha ya mwaka huo ina mafunzo mengine. Patrick Cripps, ambaye baadaye alitwaa nishani ya Brownlow ya mchezaji bora wa ligi mwaka wa 2022 na tena 2024, alikuwa chaguo la 13. Zach Merrett, aliyekuja kuwa nahodha wa Essendon, alikuwa wa 26. Kwa upande mwingine, Marcus Bontempelli aliyechaguliwa wa nne aliishia kuwa mmoja wa wachezaji mahiri zaidi wa kizazi chake. Kwa hivyo orodha haikuwa bahati nasibu, wala haikuwa msahafu. Ilikuwa makadirio ya binadamu.

Dalili zipo kwamba macho yamefunguka tangu wakati huo. Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, aliingia North Melbourne mwaka wa 2009 kupitia orodha ya wanagenzi. Aliir alifuata kama nambari 44. Mnamo 2021, Mac Andrew, kijana mwenye asili ya Sudan Kusini, aliteuliwa wa tano na Gold Coast Suns. Andrew alikuwa amepitia akademia ya klabu ya Melbourne, mojawapo ya zile zilizoanzishwa kuwafikia vijana wa jamii za wahamiaji na wenyeji asilia. Gogo haliendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ziliwekwa.

Wakenya hawana haki ya kujipiga kifua kwa ajili ya Aliir, maana nchi hii ilimpa mahali pa kuzaliwa, si uwanja wa kukulia. Lakini kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka wa 1992, ingali na watoto wanaokimbiza mpira vumbini. Miongoni mwao hakukosi mrefu, mwepesi na jasiri. Yule wa 1994 hakuwa na kipaji kuliko wote waliobaki. Alifika mahali ambapo palikuwa na kocha, kiwanja, na hatimaye mtu mmoja aliyekubali kumtazama zaidi ya mara moja.

Nyota njema huonekana asubuhi, naam, mradi awepo aliyeamka kuitazama.