Neno la Mhariri: Nani Aliwaona Wakifika?

Ukitoka Arusha mjini kuelekea Moshi, kabla hujafika Usa River, utapita Tengeru. Wengi wanaijua kwa soko lake. Wachache wanajua kwamba ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi zaidi ya 100 ya watu waliozaliwa Polandi wakazikwa chini ya Mlima Meru. Nilipoyatembelea mara ya kwanza nilisoma majina yote kwa sauti, polepole, kwa matamshi ya kubahatisha. Niliona vibaya kuyapita kimya, kwa kuwa huenda mengi yalikuwa hayajatamkwa kwa muda mrefu. Toleo hili lilianzia pale.

Wapolandi wale hawakuja kutafuta mashamba wala madini. Septemba 1939 Ujerumani iliivamia nchi yao kutoka magharibi, na tarehe 17 ya mwezi uleule Muungano wa Kisovieti ukaingia kutoka mashariki. Kuanzia Februari 1940 familia za upande wa mashariki zikaanza kugongewa milango usiku, zikapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Njaa, baridi na homa viliua wengi. Hitler alipoigeukia Urusi mwaka 1941, Stalin alihitaji washirika, hivyo akawaachilia Wapolandi waliobaki hai. Jeshi likaundwa chini ya Jenerali Władysław Anders, na mwaka 1942 askari pamoja na raia waliowafuata wakavuka Bahari ya Kaspi hadi Iran. Wanaume wakaenda vitani. Wanawake, watoto na wazee wakatafutiwa pa kukaa, na karibu 18,000 kati yao wakaletwa katika makoloni ya Waingereza barani Afrika: Ifunda na Kidugala huku Tanganyika, Masindi na Koja kule Uganda, kwingine Kenya na Rhodesia. Tengeru ilipokea karibu 5,000.

Wenyewe hawakupenda neno kambi. Walisema osiedle, yaani makazi, na neno hilo lina uzito wake. Katika vile vibanda vya msonge walivyopewa, walianzisha shule, kanisa, skauti, karakana za ushonaji, bustani. Kwetu husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe walilishika, ingawa waliambiwa tangu mwanzo kwamba hapa ni mahali pa kungojea vita viishe.

Kumbukumbu zao zipo nyingi, na ni kumbukumbu nzuri. Tulipozisoma kwa ajili ya toleo hili, tuligundua kwamba sehemu kubwa zimeandikwa na waliokuwa watoto. Mtoto aliyekuwa akigawiwa kipande cha mkate kule Kazakhstan alifika Tengeru akakuta ndizi, mapapai, jua la mwaka mzima, darasa na Ziwa Duluti. Haishangazi kwamba wengi wanaikumbuka kama pepo. Wanasimulia fisi waliolia usiku, funza miguuni, mlima uliovuka mawingu asubuhi. Wanasimulia kwa furaha ya kweli, na sina haki ya kuipunguza.

Lakini mama zao wako wapi katika simulizi hizi? Wamo, ila kwa pembeni: mama anafua, mama anadarizi, mama anangoja barua. Mume wake huenda alikuwa miongoni mwa Wapolandi waliopigana Monte Cassino, kule Italia, mwezi Mei 1944. Februari iliyofuata, kule Yalta, viongozi wa mataifa matatu makubwa yaliyoshirikiana vitani walikubaliana kwamba ardhi ya mashariki ya Polandi, ndiyo kwao, ibaki mikononi mwa Wasovieti. Vita vikaisha kwa ushindi, na mwanamke aliyekuwa Tengeru akawa hana kijiji cha kurudi. Miaka michache baadaye akapanda meli tena, kwenda Uingereza, Kanada au Australia. Mwaka 1949 zaidi ya yatima 100 kutoka Tengeru walifika Kanada. Serikali ya kikoloni iliruhusu wachache tu kubaki. Kwa hiyo tunaposema kwamba watu hawa walijenga maisha mapya, tukumbuke kwamba aliyeibeba kazi hiyo alikuwa mwanamke aliyeanza upya mara tatu ndani ya miaka kumi, na aliyetuachia kumbukumbu ni mwanawe. Hoja yangu ya kwanza ni hiyo: simulizi ya mhamiaji isomwe pia kwa wale walio kimya ndani yake.

Hoja ya pili inatuhusu sisi, na ndiyo inayoniuma zaidi. Kumbukumbu hizi zina mpishi, mlinzi, muuza ndizi. Mara nyingi hawana majina. Nao waliona jambo ambalo ukoloni haukutaka lionekane: mzungu asiye na kitu. Miaka yote watu walizoeshwa kwamba mweupe ni bwana. Ghafla akaja mwanamke mweupe, mjane au asiyejua kama ni mjane, ameshika jembe na amekonda. Mmeru aliyesimama kando ya njia alifikiri nini? Alimwambia nini mkewe jioni ile?

Miaka michache baadaye, mwaka 1951, serikali ileile ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, upande mwingine wa mlima uleule, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake. Wapolandi hawakuhusika na unyang'anyi ule, na naomba nieleweke vizuri hapo. Ila mlima mmoja, ndani ya miaka kumi, uliwaona waliofukuzwa makwao huko Ulaya wakipewa pa kulala, kisha ukawaona wenyeji wake wakifukuzwa makwao. Hizi ni habari mbili za ardhi moja, na huandikwa katika vitabu tofauti. Katika kurasa zinazofuata tumeziweka pamoja.

Kazi bado haijakamilika. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1945 leo anakaribia au amepita miaka tisini. Wapo mabibi na mababu Tengeru, Ifunda, Koja na Masindi waliowaona Wapolandi kwa macho yao. Ni akina nani walioshika mwiko kujenga kanisa la Nyabyeya, karibu na Masindi, ambalo bado watu wanasali ndani yake? Wapolandi walinunua nini sokoni, na kwa maneno gani ya Kiswahili? Walipoondoka, nani alichukua vyungu na vitanda vyao? Kama una mzee nyumbani anayejua, kaa naye, muulize, andika kama anavyosema. Katika toleo lijalo tumetenga nafasi ya simulizi hizo, na jina la msimulizi litatangulia.