Fundi Hapimi kwa Macho, Iweje Damu ya Mzazi?



Leo hatuandiki juu ya lesi wala piko. Tunaandika juu ya dera moja la zambarau lililotundikwa nyuma ya mlango wa duka letu tangu mwaka jana. Mwenyewe hatakuja kulichukua.

Tulimshonea gauni la harusi. Alikuja kujipima mara nne, kwa sababu mama yake alitaka likae mwilini barabara. Alipopata mimba akatuletea kitambaa cha dera la kutokea arubaini. Arubaini hakuifika. Alfajiri alijifungua mtoto wa kike, mzima, na kabla ya adhuhuri alishafariki kwa kutokwa na damu. Khalati yake aliyekuwa naye alituhadithia. Kanga ya kwanza ililowa, akaambiwa ni kawaida. Ya pili ikalowa, akaambiwa asubiri kidogo. Ya tatu ilipolowa ndipo watu walipoanza kukimbia. Allah amrehemu na amlee mwanawe.

Hospitali hatuitaji, na hatukuja kumchafua mkunga. Usiku ule wakunga walikuwa wawili na wazazi wamejaa mpaka chini. Tunachogombana nacho ni lile neno "kawaida". Nani alipima?

Sisi ni mafundi cherehani. Jambo la kwanza tulilofundishwa kwenye kozi ni kwamba kitambaa hakikatwi kwa kukisia. Hata fundi wa miaka ishirini huivaa futi shingoni, kwa sababu jicho hudanganya. Ukikosea inchi mbili umeharibu satini ya watu, na utailipa. Basi iweje satini ipimwe kwa futi, na damu ya mzazi ikadiriwe kwa jicho, tena usiku, nyengine imeingia kwenye kanga, nyengine kwenye godoro, na nyengine iko sakafuni?

Na mtu asituambie kwamba kipimo hakuna. Kipimo kipo, na kimoja kilianzia kwenye kanga zetu wenyewe. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanyika Kigoma, ambako wakunga wa jadi walitumia kanga kupimia damu. Ikaonekana kwamba kanga mbili zikilowa kabisa, mama ameshapoteza nusu lita au zaidi. Nusu lita ndio mpaka ambao madaktari huuita hatari. Bibi harusi wetu alikuwa kwenye kanga ya tatu.

Siku hizi kipo cha uhakika zaidi. Ni mfuko wa plastiki unaotandikwa chini ya mzazi mara tu mtoto anapotoka. Damu hukusanyika humo, na pembeni mna mistari ya vipimo kama ya jagi la jikoni. Mkunga anasoma mstari, hakisii. Damu ikifika nusu lita, au ikiwa chini ya hapo lakini mapigo na presha vimeshaharibika, matibabu yote huanza kwa pamoja: kulikanda tumbo la uzazi, dawa ya kulibana, dawa ya kuzuia damu, dripu, na kumchunguza mama kama amechanika. Hakijaribiwi kimoja, kikasubiriwa, ndipo kitafutwe chengine.

Mpango huu ulijaribiwa kwenye hospitali karibu themanini za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 200,000, na matokeo yakatangazwa mwaka 2023. Kwa kukisia macho, wazazi waliotokwa na damu nyingi waligunduliwa nusu tu, 51 katika 100. Kwa mfuko na mpango wake waligunduliwa 93 katika 100. Damu ya hatari, upasuaji wa kuzuia damu na vifo, vikihesabiwa pamoja, vilipungua kwa asilimia 60. Someni tena majina ya nchi hizo. Ni hospitali kama zetu, zenye wakunga wachache na wodi zilizojaa.

Kwa hivyo anayesema "hatuna uwezo" atueleze vizuri. Hatudai mashine ya mamilioni. Tunadai mfuko wenye mistari kwa kila mzazi, kisanduku kimoja chenye dawa zote kando ya kitanda ili mkunga asizunguke na funguo za stoo, na friji inayofanya kazi, maana ile dawa ya kulibana tumbo la uzazi, oksitosini, ikikaa kwenye joto hupoteza nguvu. Na tunadai wakunga waongezwe, kwa sababu mfuko haujisomi wenyewe.

Sasa tugeuke tujitazame na sisi, maana lawama zote hatuwezi kuzitupa hospitali.

Tuna maneno yetu nyumbani. "Wacha itoke, hiyo ni damu chafu." Mavyaa anasema, somo anasema, na mzazi mwenyewe anaona haya kuita. Damu inayolowesha kanga baada ya kanga si uchafu unaotoka, ni uhai. Na wengi wetu tunaingia leba damu yetu ikiwa kidogo tangu mwanzo. Kwa mwanamke kama huyo hata hiyo nusu lita ni nyingi.

Tuna na neno jengine, zito zaidi, nalo tulilisikia matangani. Walisema siku zake zilifika, na kwamba amekufa shahidi. Siku zina mwenyewe, hilo hatulipingi. Na tunaamini kwamba anayekufa kwa uzazi ana daraja ya shahidi mbele ya Mola wake. Lakini daraja hiyo ni rehema kwa aliyefariki, si ruhusa kwa aliyezembea. Kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sharia yetu, na tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mwenyezi Mungu. Anayeifanya qadar kuwa pazia la uzembe anaisingizia dini yake.

Na masomo wetu, tunawaheshimu sana, lakini tuulizeni. Bibi harusi anafungiwa ndani siku saba. Anafundishwa singo, udi, asumini, na namna ya kumpokea mume. Anafundishwa lini afanye nini siku akitokwa na damu? Tunamwandaa kwa usiku mmoja, na ule wa pili, ambao unaweza kumuua, tunamwachia aende nao hivi hivi.

Tumeamua kuanzia kwetu. Kila gauni la harusi linalotoka dukani sasa linatoka na karatasi ndogo mfukoni mwake. Imeandikwa mambo manne tu. Jua wingi wa damu yako mapema kliniki, na unywe vidonge vya kuongeza damu unavyopewa. Wewe na mume wako mjue mtapanda gari ya nani usiku wa manane. Ndugu wawili wawe tayari kutoa damu. Na atakayekaa nawe hospitali ahesabu kanga: ya kwanza ikilowa amwite mkunga, ya pili ikilowa asikubali kuambiwa "subiri". Aulize kwa adabu lakini kwa sauti: "Mmepima?"

Wateja wengine wamekasirika. Mama mmoja aliturejeshea ile karatasi, akasema tunamtilia mwanawe mkosi kwenye gauni la furaha. Tulimpa maji akanywa, kisha tukamwonesha dera la zambarau. Karatasi aliondoka nayo.

Kwa viongozi wetu wa afya tuna neno moja la kumalizia. Sisi tukikosea kipimo mteja anarudi na kitambaa chake na tunalipa. Bibi harusi wetu hakurudi. Mtoto wake anatambaa sasa, na khalati yake hupita naye mbele ya duka akienda sokoni. Kila akipita tunajiuliza mfuko ule wa plastiki ungegharimu kiasi gani ukilinganisha na mita moja ya lesi tuliyomshonea mama yake.

Pimeni. Wala hatuombi kubwa kuliko hilo.

Allah awajaalie wazazi wetu wote watoke salama na watoto wao mikononi. Amin.

Wabillahi tawfiq.