BARAZA LA WAZAZI: Mtoto asome jimbo lao au avuke mpaka?

Mwezi huu Baraza linajibu swali lililoletwa na familia zaidi ya moja hapa kambini. Wana ndugu zao Marekani. Mtoto wa kule anamaliza sekondari, amekubaliwa kwenye vyuo viwili au vitatu, na simu imepigwa huku: "Baba mdogo, tupeni mawazo. Jimbo letu ni ghali. Asome hapahapa, au tumpeleke jimbo lingine?"

Wengine mtasema, hayo yanatuhusu nini sisi ambao faili zetu zimelala tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi? Jamani, yanatuhusu. Mpango mkubwa wa kuwapeleka Wakongo wa Nyarugusu ulianza mwaka 2015. Mtoto aliyepanda basi mwaka ule akiwa na miaka 8, sasa ni mtu mzima. Ni wajukuu zetu hao. Na kwa desturi yetu jambo kubwa la mtoto haliamuliwi na baba na mama peke yao. Wazee huulizwa hata wakiwa mbali. Basi tukiulizwa tujibu kwa kujua, siyo kwa kubahatisha.

Chuo kimoja, bei mbili

Kwetu Congo mtu wa Fizi akienda kusoma Lubumbashi, anafikiria safari na mahali pa kulala. Kule Marekani kuna jambo la tatu: ada yenyewe inabadilika. Kila jimbo lina vyuo vyake vya serikali, na vyuo hivyo vinasaidiwa na kodi za wakazi. Kwa hiyo mkazi analipa bei ndogo, na mtoto wa jimbo lingine analipa bei kubwa. Darasa ni lilelile, mwalimu ni yuleyule.

Mwaka wa masomo 2024–25, wastani wa ada katika vyuo vya serikali vya miaka minne ulikuwa dola 11,610 kwa mkazi na dola 30,780 kwa anayetoka jimbo lingine. Hiyo ni ada tu. Bado chakula, kitanda na vitabu.

Tena majimbo hayafanani. Florida, mkazi alikuwa analipa kama dola 6,400 kwa wastani. Vermont, ambako wako Wakongo na Wasomali Wabantu waliopitia kambi za ukanda wetu huu, mkazi alikuwa analipa zaidi ya dola 17,000. Ndiyo maana mzazi wa Vermont anaona chuo cha nyumbani kinamkaba koo, na macho yanaanza kutazama ng'ambo ya mpaka.

Bei ya kutangaza siyo bei ya kulipa

Hapa ndipo wengi wanapotea. Bei inayotangazwa na chuo ni kama bei ya kwanza ya mwenye kitenge sokoni. Familia yenye kipato kidogo mara nyingi hailipi hiyo. Kwanza wanajaza fomu ya serikali inayoitwa FAFSA. Haina malipo, anayetaka pesa ili akujazie, mkimbieni. Kwa kawaida inafunguliwa Oktoba 1, na kuwahi ni muhimu kwa sababu misaada mingine huisha. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kuomba, siyo lazima awe raia.

Kwa fomu hiyo mtoto anaweza kupata Pell Grant, msaada wa serikali kuu usiorudishwa. Kiwango cha juu mwaka wa masomo 2025–26 kilikuwa dola 7,395. Msaada huu unavuka mpaka: akisoma nyumbani au jimbo lingine, anaupata. Lakini msaada wa jimbo lenyewe, katika majimbo mengi, haumfuati mtoto akienda kwingine. Na vyuo vingine vina ahadi kwa watoto wa jimbo lao. Chuo kikuu cha Vermont, pamoja na ughali wote tuliousema, kina mpango wa kuwalipia ada yote wakazi wa Vermont wanaotoka familia za kipato kidogo. Anayetazama bei ya kutangaza peke yake atakimbia chuo ambacho kingemchukua bila ada.

Tufanye hesabu ya mfano. Chuo cha nyumbani, ada na malazi pamoja ni dola 32,000 kwa mwaka. Mtoto amepata Pell 7,000, na jimbo pamoja na chuo wamempa 15,000. Imebaki 10,000. Chuo cha jimbo lingine jumla ni dola 44,000. Pell ni ileile 7,000, na chuo kimempa 20,000. Nyumba nzima inapiga vigelegele: elfu ishirini! Lakini toa, imebaki 17,000. Kwa miaka minne, nyumbani ni 40,000 na ugenini ni 68,000, bila kuhesabu nauli ya kurudi likizo. Zawadi kubwa imeficha deni kubwa.

Soma barua kwa kalamu mkononi

Kila chuo hutuma barua ya misaada. Mwambieni ndugu yenu achukue kalamu, apige mstari chini ya kila kitu ambacho ni mkopo. Barua nyingi zinaweka msaada na mkopo kwenye orodha moja, kama vile ni kitu kimoja. Siyo kitu kimoja. Dawa ya deni ni kulipa.

Mkopo wa serikali kuu kwa mwanafunzi mwenyewe una mpaka: dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 wa tatu na wa nne. Jumla 27,000. Pesa ikizidi hapo, mzazi anaombwa asaini mkopo kwa jina lake. Sheria ya mwaka 2025 imeweka kikomo kwa mikopo mipya ya wazazi kuanzia Julai 2026: dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto. Kikomo hicho bado ni mzigo kwa mama anayefanya kazi ya usiku kiwandani na ana watoto wengine wanne nyuma. Mkopo wa kwanza ukimeza nguvu zake zote, wa pili na wa tatu watasoma na nini?

Lini kuvuka kuna faida

Hatusemi kuvuka ni vibaya. Kuna njia nzuri, ila ziulizwe mapema.

Majimbo sita ya kaskazini-mashariki, Vermont na New Hampshire yakiwemo, yana makubaliano tangu mwaka 1957. Mtoto akitaka somo ambalo vyuo vya serikali vya jimbo lake havifundishi, anaweza kulisoma jimbo jirani kwa ada iliyopunguzwa. Majimbo ya magharibi yana mpango wao: katika vyuo vilivyojiunga, ada haizidi mara moja na nusu ya ile ya mkazi. Siyo kila chuo kimo, wala kila somo. Iulizwe ofisi ya chuo chenyewe.

Pia kuna chuo cha Berea, Kentucky, ambacho hakitozi ada kabisa. Kinachukua hasa watoto wa familia zisizo na uwezo, na kila mwanafunzi anafanya kazi chuoni. Kuingia kuna ushindani, lakini kujaribu si kosa.

Na kuna njia ya tatu ambayo vijana huidharau: chuo cha miaka miwili karibu na nyumbani, wanakiita komyuniti koleji. Wastani wa ada yake mwaka 2024–25 ulikuwa kama dola 4,000. Pell inaweza kuimaliza, mtoto analala kwao, kisha anahamia chuo kikuu kumalizia. Sharti moja: aulize tangu siku ya kwanza kama masomo yake yatapokelewa huko aendako, asije akarudia mwaka.

"Basi tuhame wote"

Wengine wanasema dawa ni familia nzima kuhamia jimbo la bei nafuu. Polepole. Majimbo mengi yanataka mzazi awe ameishi hapo miezi 12 kweli, anafanya kazi, analipa kodi. Mkihama mtoto akiwa mwaka wa mwisho wa sekondari, mnaweza kujikuta katikati: ukazi wa zamani umekwisha, mpya haujaanza, na mtoto analipa bei ya mgeni pande zote mbili. Kuhama kwa ajili ya kazi, sawa. Kuhama kwa ajili ya ada, hesabuni kwanza miezi.

Sisi wa huku tufanye nini

La kwanza ni karatasi. Watoto wengi walisafiri na shangazi au mjomba. FAFSA haimhesabu shangazi kuwa mzazi kama hakumwasili kisheria. Lakini mtoto ambaye baba na mama wote wamefariki, au aliyewekewa mlezi na mahakama ya jimbo anakoishi, anajaza kama mtu anayejitegemea, na mara nyingi msaada wake unakuwa mkubwa. Chuo kinaweza kudai uthibitisho. Nani mwenye cheti cha kifo au karatasi ya familia? Mara nyingi ni sisi, ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda. Tuitafute sasa, tuipige picha, tuitume.

La pili ni sifa. Tusimsukume mtoto aende mbali ili tuseme bombani kwamba wetu yuko mji mkubwa. Jina la mji halilipi deni.

La tatu ni gumu kulisema. Miezi ya Agosti na Septemba familia ile inalipa chuo. Simu zetu za kuomba pesa zingoje kidogo kama hakuna mgonjwa. Shida tunazo, sote tunajua. Lakini mtoto akimaliza bila deni zito, hata sisi tutapumua.

Kwa hiyo ukiulizwa, jibu hivi: tuanze kwa kutazama chuo cha nyumbani, avuke tu kama barua zinaonyesha kinachobaki kwa miaka minne ni kidogo zaidi, au kama somo lenyewe halipo kwao. Na kabla ya siku ya kuchagua, ambayo kwa vyuo vingi ni Mei 1, waulizane mezani: deni ni kiasi gani, na nani anaweka saini? Mtoto mwenyewe awepo, asikie.

Mwenye swali alete kwa mkono au kwa mwenyekiti wa kijiji chake. Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutazungumzia watoto wanaorudia darasa. Kaeni salama.