Kikundi Kwanza, Mkopo Baadaye

Mjasiriamali mdogo wa Mbagala, Tandale au Bunju, jijini Dar es Salaam, hutegemea watu kabla ya kutegemea benki. Mtaji wa kwanza wa mama lishe au muuza mitumba mara nyingi hutoka kwenye upatu, kwenye kikoba au kwa ndugu. Wateja wa mwanzo huletwa na majirani. Na biashara ikiyumba, wanaojua mapema ni wale wanaopanga bidhaa pembeni yake. Faida ya kuwa na watu wa namna hiyo haina mabishano. Kinachobishaniwa ni kama watu hao wanaweza kupatikana kwa agizo, yaani raia wakiambiwa wakusanyike ili wapewe fedha.

Dar es Salaam ina uzoefu mrefu wa watu wasio ndugu kufanywa ndugu na shida. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alipoanza kuwaingiza wanawake katika chama cha TANU mwaka 1955, aliwafuata kwenye vikundi vya ngoma, kwa sababu huko walikuwa wamekwisha kujuana na kuaminiana. Miaka ya 1980 mishahara iliposhindwa kulisha familia, biashara ndogo zilienea mitaani licha ya Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 iliyotumika kuwasaka waliohesabiwa kuwa wazururaji. Mwaka 1995 vikundi vya wafanyabiashara hao viliungana na kuanzisha mwavuli wao, VIBINDO. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoanza kwa kusubiri fungu la serikali.

Kati ya mipango ya kuchangiana mtaji, upatu ndio mwepesi kuliko yote. Kijumbe hukusanya fedha, zamu ikifika mtu anapokea mchezo wake, basi. Kikoba kina taratibu zaidi. Mfumo wake ulitokana na vikundi vya akiba vya wanawake vilivyoanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na leo umezoeleka mno hata wengi hudhani ni wa hapa hapa. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Hisa hununuliwa mbele ya wote na kuandikwa kitabuni. Aliyechelewa hutozwa faini, na katika vikundi vingine hata simu ikilia kikaoni mwenyewe hulipa. Mkopo kwa kawaida hauvuki mara tatu ya hisa za mkopaji, na mfuko wa jamii huwekwa kando kwa ajili ya ugonjwa na msiba.

Nguvu ya mpango huo haiko kwenye sanduku. Iko kwenye dakika chache kabla ya mkopo kutolewa, wanachama wanapomuuliza mwenzao anakwenda kufanyia nini. Anayetaka kufungua banda la chipsi kituoni huambiwa papo hapo kwamba pale wapo wanne tayari na mmoja wao anataka kufunga. Afisa wa mikopo hawezi kujua jambo hilo kwa kusoma fomu. Maneno hayo humuudhi mwombaji, lakini yanaweza kumwokolea mtaji.

Msaada wa fedha, hata hivyo, ni aina moja tu. Mafundi seremala wa Keko, Temeke, wanaonyesha aina nyingine. Karakana zimebanana, na fundi asiye na mashine ya kuranda hupeleka mbao zake kwa mwenye nayo na kulipia kazi hiyo tu. Aliyezidiwa na oda humgawia jirani. Kijana hujifunza ufundi kwa kushika msumeno chini ya uangalizi wa fundi mkubwa. Majirani hawa ni washindani, na hugombea mteja mmoja aliyesimama barabarani. Bado kila mmoja angekuwa maskini zaidi kama angehamia mtaa usio na seremala mwingine. Wanaoshauri wajasiriamali wakae mbali na wenzao wa kazi moja wangefaa kutembelea Keko.

Jamii hizi pia hufunga milango. Kijiwe cha bodaboda chenye mwenyekiti, katibu na mchango wa kumtibu aliyeanguka mara nyingi hudai kiingilio, na kijana asiye nacho haruhusiwi kuegesha hapo hata kama abiria wapo. Kinachomlinda mwanachama ndicho kinachomzuia mgeni.

Ndipo unapokuja mkopo wa halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Nia ni njema. Lakini kwa kuwa mlango mkuu wa fedha hizo ni kikundi, watu waliunda vikundi kwa ajili ya mlango. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilieleza mara kwa mara mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyoonekana vilipotafutwa, na Aprili 2023 serikali ikasitisha utoaji. Uliporejeshwa mwaka 2024, Jiji la Dar es Salaam, ambalo zamani lilikuwa Manispaa ya Ilala, lilikuwa miongoni mwa halmashauri 10 za majaribio zilizopangiwa kukopesha kupitia benki. Kinondoni na Temeke hazikuwamo. Kuleta benki kunapunguza upendeleo wa ofisini, lakini hakuwafanyi watu watano waliokutana wiki iliyopita kwa mtendaji wa mtaa kuwa jamii.

Vikundi vya kweli navyo vina kikomo. Oktoba 2021 wamachinga walipoondolewa barabarani, wanachama wa kikundi kimoja waliweza kupoteza mahali pa biashara kwa wakati mmoja, na hapo hakuna wa kumkopesha mwenzake. Pengo hilo hujazwa na mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu na mikopo ya simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Hapa ndipo fedha ya umma ina kazi yake halali: kuongeza nguvu pale akiba ya wanachama inapofika mwisho.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imekwisha kuvitambua vikundi vya kijamii kama daraja la nne la watoa huduma, na halmashauri zinashiriki kuvisajili. Kwa hiyo maafisa maendeleo ya jamii wa Kinondoni na Temeke hawahitaji chombo kipya cha kutambua kikundi cha kweli. Kabla ya katiba na muhtasari wa kikao, wadai kitabu cha hisa cha mwaka mzima uliopita. Kikundi kisicho nacho kiambiwe kianze kuweka akiba, kirudi mwakani.